Kununua nyumba kwa pamoja Mtwara na Lindi: mwongozo kamili wa ushuru wa stempu, majina kwenye hati na mpaka wa kuepuka kodi

Fedha za korosho zinapoanza kuingia kwenye akaunti za wakulima wa Tandahimba, Newala, Masasi na Nachingwea, madalali wa viwanja wa Mtwara mjini na Lindi mjini huanza kupokea simu nyingi. Wengi wanaopiga hawanunui peke yao. Ni mume na mke, ni dada aliyehamia Dar es Salaam na kaka yake aliyebaki Mikindani, ni mjomba na mpwa wake, au ni watumishi wawili wa ofisi moja waliochoka kupanga. Mazungumzo yao huwa ni ya bei na ya asilimia ya dalali, na kodi hukumbukwa siku ya mwisho, kwa swali moja tu: tutaipunguzaje? Swali hilo si haramu. Tatizo ni kwamba jibu linalotolewa haraka, yaani kuandika bei ya uongo au kuficha jina la mmoja wa wanunuzi, huwaumiza zaidi wale wale wanaodhani wameokoa.

Kiswahili kimetupa vitenzi viwili ambavyo mitaani huchanganywa. Kuepuka kodi ni kupanga mambo yako ndani ya sheria ili ulipe kile tu unachodaiwa. Kukwepa kodi ni kuficha ukweli ili usilipe unachodaiwa. Kati ya viwili hivyo kuna eneo la tatu: mipango ambayo kila karatasi yake ni halali ikisomwa peke yake, lakini yote kwa pamoja haina sababu nyingine isipokuwa kupunguza kodi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) mamlaka ya kuuvunja mpango wa aina hiyo na kukadiria kodi kana kwamba haukuwapo.

Kodi zenyewe, na anayezilipa

Katika mauziano ya nyumba au kiwanja cha makazi kuna malipo mawili makubwa ya kikodi, na kila moja lina mwenyewe. La kwanza ni ushuru wa stempu, unaotozwa kwa Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 189. Kwa hati ya uhamisho wa nyumba au kiwanja, ushuru huo ni asilimia 1 hivi ya thamani, na hulipwa na mnunuzi isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. La pili ni kodi ya ongezeko la mtaji, inayotozwa kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Huu ni mzigo wa muuzaji: asilimia 10 ya faida yake kama ni mkazi wa Tanzania kikodi. Mbali na hayo mtakutana na gharama za mthamini, ada za ofisi ya ardhi na malipo ya wakili, ambazo si kodi, ingawa mfukoni zinauma vile vile.

Mnunuzi anaweza kujiuliza kwa nini ahangaike na kodi ya muuzaji. Sababu ni kwamba uhamisho hausajiliwi bila cheti cha TRA kinachoonyesha kuwa kodi hiyo imemalizwa. Muuzaji akitoweka na fedha zenu kabla ya kuilipa, mtabaki na nyumba ambayo hati yake bado ina jina lake. Ndiyo maana mkataba mzuri huacha sehemu ya bei mkononi mwa wakili au mwa wanunuzi mpaka cheti hicho kipatikane.

Na zile asilimia 10 ambazo viongozi wa baadhi ya mitaa huzidai kwa ajili ya kugonga muhuri? Si ushuru wa stempu, hazihesabiwi kuwa kodi, na hakuna stakabadhi ya TRA itakayotoka kwa kuzilipa. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi muhimu wa nani anaishi wapi, lakini muhuri wake haugeuki kuwa stempu ya Serikali.

Hatua ya kwanza: andikianeni ninyi kwa ninyi

Kabla ya kuandikiana na muuzaji, wanunuzi waandikiane wenyewe. Watu wengi wa kwetu huona jambo hili kama dharau kwa undugu, na ndipo makosa yanapoanzia, kwa sababu ndugu wawili walionunua nyumba ya Chuno kwa kuaminiana huwa na watoto wanane ambao hawakuwapo kwenye mazungumzo hayo. Karatasi moja au mbili zinatosha. Zitaje kila mmoja ametoa kiasi gani na lini, hisa ya kila mmoja ni ngapi, nani atakaa au nani atapokea kodi ya wapangaji, hati itatunzwa na nani, na mmoja akitaka kutoka mwenzake atapewa muda gani wa kuinunua hisa hiyo kabla ya kuuziwa mtu mwingine.

Lipeni kila mmoja kutoka kwenye akaunti yake, hata kama mnunuzi mmoja ndiye mwenye kusafiri kwenda kwa muuzaji. Dada akimtumia kaka yake fedha kwa simu, vipande vipande, na kaka akamlipa muuzaji kwa jina lake peke yake, benki itaonyesha mlipaji mmoja. Miaka kumi baadaye, iwe mbele ya TRA au mbele ya mahakama, dada atakuwa anatafuta jumbe za simu iliyokwisha kuharibika.

Hatua ya pili: chagueni namna ya kumiliki

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua namna mbili za watu kumiliki ardhi moja. Katika umiliki wa pamoja usiogawanyika, hakuna mwenye hisa yake pembeni. Mmoja akifa, aliyebaki huwa mmiliki wa yote. Katika umiliki wa hisa, kila mmoja ana fungu lake, nusu kwa nusu au robo kwa robo tatu, na fungu hilo huingia kwenye mirathi yake akifa. Namna ya kwanza, bila ruhusa ya mahakama, inawezekana kwa wanandoa tu. Ndugu, marafiki au mjomba na mpwa wakijiandikisha hivyo, sheria itawahesabu kuwa wana hisa.

Kwa mikoa yetu uchaguzi huu una uzito ambao fomu haiuonyeshi. Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao wamezoea kwa vizazi ukoo unaofuata upande wa mama, ambapo mjomba ana sauti kubwa juu ya mali. Wakati huo huo familia nyingi za pwani hugawa mirathi kwa sheria ya Kiislamu. Mume na mke wakiamua umiliki usiogawanyika, wanaamua pia kwamba nyumba hiyo haitaingia kwenye mgawo huo mpaka wa mwisho wao afariki. Baadhi ya familia hilo ndilo wanalolitaka. Nyingine zitaona wamedhulumiwa. Litamkeni mapema, na msimwachie karani wa kujaza fomu alichague kwa niaba yenu.

Kikodi, jambo la kukumbuka ni moja, nalo ndiyo njia ya kwanza ya halali ya kuokoa: majina yote yaingie siku moja. Uhamisho wa hisa ni uhamisho. Mume akinunua kiwanja cha shilingi 40,000,000 kwa jina lake na kulipa ushuru wa kama 400,000, kisha miaka mitatu baadaye akamhamishia mkewe nusu, karatasi hiyo ya pili nayo huhitaji uthamini, stempu na ada za usajili, na thamani ya wakati huo huenda imepanda. Tena TRA, katika uhamisho kati ya watu wa karibu au wa zawadi, huangalia thamani ya soko na si bei ya mapenzi mliyoiandika. Kuingiza majina mawili mwanzoni hakuongezi hata senti moja kwenye ushuru, kwa kuwa stempu huhesabiwa kwa thamani ya mali, si kwa idadi ya vichwa.

Kama mmoja wa wanunuzi si raia wa Tanzania, simameni hapa kwanza. Tumepakana na Msumbiji, na ndoa za kuvuka Ruvuma si habari mpya kwetu. Kwa kanuni ya msingi ya Sheria ya Ardhi, asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji kwa utaratibu wake maalumu, kwa hiyo jina lake haliwezi kuwekwa tu kwenye hati ya nyumba ya kuishi. Ujanja wa kumtumia shemeji kama jina la kivuli huzaa mmiliki halali ambaye siku akibadilika hamna pa kumshtaki.

Hatua ya tatu: upekuzi

Nendeni ofisi ya ardhi mkaombe upekuzi rasmi wa hati, mlipie, mpate majibu kwa maandishi. Angalieni jina la mmiliki, rehani ya benki, zuio lililowekwa na mtu yeyote, na deni la pango la ardhi. Kama nyumba ni ya familia, ridhaa ya mwenzi wa muuzaji ni lazima. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja wa wanandoa kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kama mwenye hati amefariki, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si kaka mkubwa aliyeteuliwa na kikao cha arobaini. Na kama eneo bado ni ardhi ya kijiji, kama ilivyo sehemu kubwa ya maeneo yaliyo nje ya Manispaa ya Mtwara Mikindani na Manispaa ya Lindi, halmashauri ya kijiji ndiyo yenye neno.

Hatua ya nne: bei ya kweli kwenye mkataba

Hapa ndipo ninapoomba msomaji akae na kalamu, kwa sababu pendekezo la kuandika bei ndogo hutolewa karibu kila mara, na hutolewa kwa upole. Muuzaji husema, "Jamani, tuandike nusu, nanyi mtapunguziwa stempu." Tufanye hesabu.

Tuseme dada na kaka wananunua nyumba Shangani kwa shilingi 60,000,000, nusu kwa nusu. Kwa bei ya kweli ushuru wa stempu ni kama shilingi 600,000. Wakiandika 30,000,000 na TRA ikikubali, watalipa kama 300,000. Wameokoa laki tatu, yaani laki na nusu kila mmoja.

Sasa mtazame muuzaji. Tuseme aliijenga kwa gharama ya shilingi 20,000,000. Faida yake ya kweli ni 40,000,000, na kodi yake ya asilimia 10 ni 4,000,000. Kwa mkataba wa 30,000,000, faida inayoonekana ni 10,000,000, na kodi ni 1,000,000. Amebaki na milioni tatu ambazo zingekwenda Serikalini.

Miaka sita ikapita, dada na kaka wakaiuza nyumba hiyo kwa 80,000,000. Kama karatasi zao zingekuwa na bei ya kweli, faida ingekuwa 20,000,000 na kodi 2,000,000. Lakini hati yao inasema walinunua kwa 30,000,000, kwa hiyo faida inayotozwa ni 50,000,000 na kodi ni 5,000,000. Tofauti ni milioni tatu. Ni milioni tatu zile zile alizozikwepa muuzaji. Hazikufutika, zilihamishiwa kwao, nao walipewa laki tatu kama asante.

Na huo ni mfano wa ujanja uliofanikiwa. Mara nyingi haufanikiwi, maana bei ya mkataba hulinganishwa na taarifa ya uthamini, na inayotumika ni ile iliyo kubwa. Halafu kuna hatari ambayo haina hesabu ya kodi: mauziano yakivunjika na mkadai fedha zenu mahakamani, mkataba mtakaomwonyesha hakimu unasema mlilipa milioni 30. Nusu nyingine mtaidai kwa karatasi ipi? Ile ya pembeni, mliyoificha ili mdanganye Serikali? Katika ununuzi wa watu wawili jambo hili ni baya maradufu, kwa sababu aliyetoa fedha nyingi zaidi ndiye ambaye mchango wake unamezwa na bei ya uongo.

Mkataba utaje basi majina kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho vya NIDA, namba za mlipa kodi za wanunuzi wote na si za mmoja, hisa za kila mmoja, bei nzima, tarehe na njia ya kila malipo, na sentensi moja iliyo wazi kuhusu nani analipa kodi ipi. Maneno kama "gharama zote ni za mnunuzi", yanayopenya kwenye mikataba ya kunakili, yana maana ya kwamba mmejitwisha hata kodi ya faida ya muuzaji. Wanunuzi wengi huyagundua wakiwa tayari wamekaa mbele ya dirisha la malipo.

Hatua ya tano: uthamini, TRA na siku 30

Taarifa ya uthamini huandaliwa na mthamini aliyesajiliwa na kuidhinishwa kwa mamlaka ya Mthamini Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya wathamini ya mwaka 2016. Mpelekeni mthamini kwenye nyumba yenyewe mkiwa na muuzaji, wote wawili, ili asije akaandika chumba cha uani ambacho hakimo katika mauzo au akakiacha kilichomo. Taarifa hiyo, mkataba, fomu za uhamisho na nakala ya hati ndizo hupelekwa TRA. Huko mtapewa namba ya malipo ya ushuru wa stempu, na muuzaji atapewa makadirio yake.

Hati inatakiwa ilipiwe stempu ndani ya siku 30 tangu isainiwe. Kosa la kwetu la kawaida linatokana na malipo ya msimu kwa msimu: nusu ya bei mwaka huu, nusu korosho ijayo, na wote wanaamini kuwa siku za stempu zitaanza kuhesabiwa awamu ya mwisho itakapolipwa. Zinahesabiwa tangu kalamu ilipogusa hati. Kama mnalipa kwa awamu, mwombeni wakili atenganishe mkataba wa mauziano na hati ya uhamisho, amueleze kila mmoja kipi kinasainiwa lini, na kila karatasi ipelekwe kustempiwa kwa wakati wake.

Kuchelewa kuna adhabu ya fedha, lakini adhabu kubwa zaidi ni ya kimya. Hati isiyostempiwa haipokelewi kuwa ushahidi katika shauri la madai mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe. Wanandoa wanapoachana, au ndugu wanapogombana, mara nyingi karatasi pekee inayomtaja yule ambaye jina lake halimo kwenye hati kuu ni ule mkataba wa mauziano. Yeye ndiye anayehitaji stempu kuliko wote, na kwa kawaida ndiye ambaye hakuulizwa kama ilipwe au isilipwe.

Shamba la korosho lililo kiwanja

Kuna mbinu nyingine ambayo nadhani ni ya kwetu hasa. Ushuru wa stempu wa kuhamisha ardhi ya kilimo ni shilingi 500 tu, bila kujali bei. Pembezoni mwa Naliendele, Mitwero na Mingoyo mpaka kati ya shamba na kiwanja ni mikorosho michache iliyosalia, na mtu hushawishiwa kuandika "shamba la mikorosho kumi na miwili" mahali ambapo msingi wa nyumba umeshachimbwa.

Kama kweli ni shamba, linalimwa, na mnalinunua mlime, lipeni shilingi 500 kwa moyo mweupe. Huko ni kuepuka kodi kwa haki yenu. Hata muuzaji anaweza kuwa na nafuu: ardhi ya mtu binafsi yenye thamani ya soko chini ya shilingi 10,000,000, iliyotumika kwa kilimo kwa angalau miaka miwili kati ya mitatu iliyotangulia mauzo, haiguswi na kodi ya ongezeko la mtaji. Lakini eneo likiwa limepimwa, lina namba ya kitalu na matumizi yake katika ramani ya mipango miji ni makazi, neno "shamba" kwenye mkataba halibadilishi kitu isipokuwa kuufanya mkataba na hati zipingane. Na siku mtakapoomba mkopo wa kujenga, afisa wa benki ataona mmenunua shamba mahali ambapo ramani inaonyesha barabara ya mtaa.

Ushauri wa ng'ambo usiotuhusu

Simu zetu zimejaa maelekezo ya watu wa nchi nyingine, na katika somo hili yanapotosha sana. Nchini Uingereza ushuru wa stempu hupanda kwa madaraja, na anayenunua nyumba ya ziada hutozwa nyongeza, ambayo tangu Oktoba 2024 ni asilimia 5. Katika ununuzi wa pamoja, inatosha mmoja wa wanunuzi awe na nyumba nyingine ili nyongeza hiyo iangukie bei yote. Ndiyo maana huko watu hupiga hesabu kali za jina la nani liandikwe.

Singapore ni kali zaidi. Tangu mwaka 2011 kuna ushuru wa ziada kwa wanunuzi, na mwezi Aprili 2023 kiwango cha raia anayenunua nyumba ya pili kilipandishwa hadi asilimia 20. Huko ndiko kulikozuka mpango wa "99 kwa 1": mtu asiye na nyumba ananunua nzima, kisha upesi anamuuzia jamaa yake mwenye nyumba nyingine asilimia 1, ili ushuru wa ziada utozwe kwenye hiyo asilimia 1 peke yake. Mamlaka ya mapato ya huko huihesabu mipango hiyo kuwa ya kupunguza kodi tu, hudai ushuru wote ambao haukulipwa na kuongeza asilimia 50 juu yake.

Kwetu hakuna nyongeza ya nyumba ya pili katika ushuru wa stempu, wala madaraja yanayopanda. Mwenye nyumba tatu Ligula na asiye na banda hutozwa kwa kiwango kimoja. Kwa hiyo anayemwambia mkewe kwamba jina lake linaachwa "kwa sababu za kodi" ama hajui, ama anajua na ana sababu nyingine. Vile vile, kugawa mauzo ya nyumba moja katika mikataba mitatu midogo hakupunguzi stempu ya maana. Kunaongeza tu fomu na ada.

Hatua ya sita: kusajili

Fomu za kawaida za uhamisho wa miliki ni fomu ya ardhi namba 29 ya taarifa, namba 30 ya maombi ya kibali, na namba 35 ya uhamisho wenyewe, zote zikishuhudiwa na wakili. Wanunuzi wote wasaini na wote waweke picha. Mmoja akiwa mbali, atoe hati ya uwakilishi inayotaja nyumba hii hasa, nayo istempiwe na kusajiliwa. Kibali na cheti cha TRA vikipatikana, faili huenda kwa Msajili wa Hati.

Siku ya kuchukua hati msifurahie muhuri kwanza. Someni majina herufi kwa herufi, kisha mtafute maneno yanayoeleza namna ya umiliki na hisa. Hati yenye majina mawili bila hisa zilizotajwa, kwa watu waliochangia robo na robo tatu, ni mgogoro uliowekwa akiba.

Baada ya hati

Akiba ya kodi iliyo kubwa kuliko zote hupatikana hapa, nayo ni bahasha ya stakabadhi. Gharama za ununuzi, stempu, uthamini, wakili, na baadaye saruji, bati, nondo na fundi, huingia kwenye gharama ya mali mnapouza, na hupunguza faida inayotozwa. Dai risiti ya mashine ya EFD hata kwa mifuko kumi ya saruji, na jina la mmoja wenu liandikwe. Kwa marekebisho ya miaka ya karibuni, muuzaji mkazi asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa, apate faida asipate. Wapo walionunua viwanja Mtwara kwa bei ya juu wakati habari za gesi zilipovuma, na leo wanauza kwa hasara. Mwenye stakabadhi anaweza kuonyesha kwamba hana faida ya kutozwa. Asiye nazo atalipia hasara yake.

Kumbukeni pia msamaha wa makazi: nyumba ya mtu binafsi aliyoimiliki mfululizo kwa miaka 3 au zaidi na kuishi humo kwa jumla ya miaka 3 au zaidi haitozwi kodi hii, mradi faida isizidi shilingi 15,000,000. Kati ya dada wa Dar es Salaam na kaka wa Mikindani, aliyeishi humo ni kaka. Kwa hiyo barua ya mtaa, bili za maji na kumbukumbu za umeme zitunzwe kwa jina la anayeishi.

Kodi ya majengo siku hizi hukatwa kwenye LUKU: tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini. Anayenunua umeme ndiye anayeilipa kwa wakati huo, hata kama ni mpangaji, ingawa deni ni la wenye nyumba. Wekeni kwenye makubaliano yenu kwamba mpangaji atarudishiwa, na kwamba shilingi 18,000 za mwaka pamoja na pango la ardhi zitagawanywa kwa hisa. Nakala ya kila stakabadhi ya pango ikae kwa kila mmoja, moja Mikindani na moja Dar es Salaam, na hati yenyewe ikae pale mlipokubaliana kwenye ile karatasi ya kwanza.